Viza ya India kwa Intaneti: Mambo Yampasayo Askari Kuyajua

Kwa miaka mingi mwananchi wa Uganda aliyetaka kuitembelea India hakuwa na budi kuipeleka pasipoti yake mpaka kwenye Ubalozi wa nchi hiyo mjini Kampala, kuiacha huko pamoja na fomu na picha, kisha kurudi kwake na kungoja. Kwa mtu aishiye Kampala jambo hilo halikuwa zito sana. Lakini kwa askari aliye kikosini Moroto, au polisi wa kituo cha Kisoro, mwenye likizo ya siku zilizohesabiwa, kwenda na kurudi huko peke yake kuliweza kula nusu ya likizo kabla hajaiona ndege kwa macho.

Siku hizi mambo ni mengine. Tarehe 27 Novemba 2014 serikali ya India ilifungua njia ya kuomba idhini ya kuingia nchini humo kwa intaneti, ikianza na raia wa nchi 43. Mwezi wa Aprili 2015 idhini hiyo ikapewa jina la viza ya utalii ya elektroniki, na baadaye orodha ya nchi ikarefushwa hata Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda nazo zikaingizwa. Mwombaji hujaza fomu kwenye kompyuta au simu, huambatisha picha yake na nakala ya ule ukurasa wa pasipoti wenye sura yake, hulipa ada kwa kadi ya benki, na jibu humjia kwa barua pepe. Pasipoti haitoki mkononi mwake.

Jambo lenyewe si geni duniani. Australia ilianza kutoa idhini za namna hii mwaka 1996. Kwetu Afrika ya Mashariki, Uganda, Kenya na Rwanda zilianza kutoa viza moja ya pamoja kwa watalii mwaka 2014, na Uganda ikaanzisha maombi ya viza kwa intaneti mwaka 2016. Kenya nayo, tangu Januari 2024, iliziondoa viza kabisa na mahali pake ikaweka idhini ya elektroniki, ambayo raia wa Jumuiya ya Afrika ya Mashariki hawahitaji kuiomba. Kwa hiyo askari wetu waliopangiwa kazi Entebbe, Busia au Malaba wamekwisha kuzizoea karatasi hizi katika mikono ya wageni. Tofauti ni kwamba sasa askari mwenyewe ndiye mwombaji, na ndiye atakayesimama upande wa pili wa dirisha.

Wepesi huu umewadanganya watu wengi. Kwa kuwa hakuna foleni, wala hakuna afisa anayemtazama mwombaji usoni, mtu hudhani kwamba kuomba viza ni kama kununua muda wa maongezi wa simu: ubonyeze, ulipe, uondoke. Sivyo. Fomu ile ni maelezo rasmi ambayo mtu anaitolea serikali ya nchi nyingine, na mwishoni hukiri kwamba yote aliyoyaandika ni kweli. Maelezo hayo hubaki. Raia wa kawaida anaweza kuyajaza bila kusitasita mahali popote, ila askari atakutana na swali moja litakalomsimamisha.

Swali lenyewe liko katika sehemu inayohusu kazi. Baada ya kuulizwa anafanya kazi gani na mwajiri wake ni nani, mwombaji huulizwa kama yumo, au kama aliwahi kuwamo, katika jeshi, katika kikosi chenye mfano wa jeshi, katika polisi au katika chombo cha usalama. Akijibu ndiyo, hufunguliwa nafasi nne nyingine: jina la chombo, wadhifa wake, cheo chake, na mahali alipopangiwa kazi. Yafaa kulitia maanani neno lile "aliwahi". Mzee aliyestaafu miaka 15 iliyopita, ambaye sasa ana duka lake Mbale na amekwisha kusahau hata namba yake ya jeshi, naye anaulizwa.

Hapo ndipo penye majaribu. Katika kambi na vituo husikika shauri lile lile: usijitaje, andika tu kwamba u mfanyabiashara au mkulima, kwani askari akijulikana hunyimwa viza. Mtoa shauri aghalabu hajawahi kuomba viza ya nchi yoyote. Tuitazame hoja yake kwa utulivu. Fomu haisemi popote kwamba askari au polisi haruhusiwi kuitembelea India. Inauliza, basi. Huenda jibu la ndiyo likasababisha maombi yachunguzwe kwa muda mrefu zaidi kuliko ya mwuza vitambaa, na dawa yake ni kuomba mapema. Lakini aliyedanganya amejifunga kamba ambayo mwisho wake hauoni.

Polisi yeyote aliyewahi kuandika maelezo ya mshukiwa anaijua tabia ya uongo. Hauvunjiki siku uliposemwa, bali siku unapowekwa karibu na karatasi ya pili. Askari aliyeandika kwamba ni mkulima atafika Delhi akiwa na kitambulisho cha kazi ndani ya pochi, na picha zake za gwaride ndani ya simu. Miaka mitatu baadaye huenda akateuliwa kwenda kozi katika nchi hiyo hiyo, kwa maana maafisa wengi wa Afrika wamesoma katika vyuo vya kijeshi vya India. Jina lake litapelekwa likiwa na cheo, nalo litakutana na lile la mkulima mwenye pasipoti ile ile na alama za vidole zile zile. Hapo hatakuwa na la kueleza, na aibu haitakuwa yake peke yake.

Tena sheria ipo. India ilitunga Sheria ya Uhamiaji na Wageni mwaka 2025, ikaanza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huo mahali pa sheria za zamani, ikiwamo ile ya Wageni ya mwaka 1946. Kwa sheria hiyo, mtu anayetumia kwa kujua pasipoti au viza ya kughushi, au iliyopatikana kwa udanganyifu, aweza kufungwa jela miaka isiyopungua 2 na isiyozidi 7, pamoja na faini kuanzia rupia 100,000 hadi 1,000,000. Hatusemi kwamba kila aliyepotosha neno moja katika fomu atafikishwa mahakamani. Lakini maneno yale "iliyopatikana kwa udanganyifu" ni mapana, na mwenye hekima hangependa kuwa yeye wa kupimiwa upana wake.

Kusema kweli nako kuna adabu yake. Anayeandika cheo chake na mahali pake pa kazi katika fomu ya serikali ya kigeni ametoa habari inayohusu utumishi wake, na habari hiyo haimhusu yeye tu. Ajibu kilichoulizwa, asiongeze. Mahali pa kazi ni jina la mji au la kituo. Haikuulizwa idadi ya watu kikosini wala kazi ya kikosi. Kila jeshi lina amri zake za kudumu kuhusu likizo na safari za nje ya nchi, na njia iliyo salama ni kumwendea mkuu wa kikosi kabla ya kuigusa fomu, kupata ruhusa kwa maandishi, na kumwuliza namna ya kuzijaza nafasi zile nne. Afanye hivyo kabla ya kulipa. Ada ya viza hairudishwi, viza ikitolewa au isipotolewa.

Liko jambo jingine linalowahusu watumishi wa serikali kuliko raia. Viza ya elektroniki ya India haitolewi kwa mwenye pasipoti ya kibalozi wala ya utumishi. Katika pasipoti za Afrika ya Mashariki zinazotumika sasa, ile ya kawaida ina jalada la buluu, ya utumishi ni ya kijani, na ya kibalozi ni nyekundu. Afisa aliyepewa ya kijani kwa ajili ya kazi hawezi kuitumia katika njia hii hata kama anakwenda kwa fedha zake na kwa likizo yake. Kwa safari ya matembezi atumie ya buluu, au aende ubalozini kama zamani. Na safari ya kazi ni safari ya kazi: kozi, mkutano au ujumbe wa serikali haupiti katika mlango wa watalii.

Sasa tuiangalie fomu yenyewe. Tovuti ya serikali ya India inayotoa viza hizi ni indianvisaonline.gov.in, na mwisho wake, yaani gov.in, ndio wa kuukariri, kwa sababu ziko tovuti nyingine nyingi zilizopambwa kwa bendera na nembo hata zikafanana na ya serikali. Baadhi ni za mawakala wanaotoza ada juu ya ada, na nyingine ni za wezi wa namba za kadi. Serikali ya India imetangaza kwamba hakuna wakala yeyote aliyepewa mamlaka ya kutoza ada ya dharura au nyongeza yoyote. Anayeahidi kuipata viza usiku huu huu kwa malipo ya ziada anauza asichokuwa nacho.

Jina liandikwe kama lilivyo katika pasipoti, herufi kwa herufi. Kwetu kosa hili ni la kila siku, kwa maana mtu mmoja huwa na jina la ubatizo au la Kiislamu, la ukoo, na pengine la tatu alilolichukua shuleni, na mpangilio wa kitambulisho cha taifa si lazima ufanane na ule wa pasipoti. Yaliyomo katika pasipoti ndiyo yenye nguvu. Pasipoti yenyewe iwe na uhai wa miezi 6 au zaidi tangu siku ya kufika India, na kurasa 2 tupu za kugongwa mihuri. Picha iwe ya mraba, yenye mandhari meupe nyuma, uso mzima uonekane na miwani imevuliwa. Yafaa askari apigwe picha akiwa amevaa nguo za kiraia, maana anakwenda kama mtalii. Maombi mengi hukwama kwa ajili ya picha tu, iliyopigwa kwa simu chini ya mwembe ikiwa na kivuli cha majani mashavuni.

Kuna maswali yanayomshangaza mtu wa kwetu. Mwombaji huulizwa dini yake, alama zinazoonekana mwilini mwake, majina ya wazazi wake na mahali walipozaliwa, na kama wazazi au babu zake walikuwa raia wa Pakistan. Swali hili la mwisho limetokana na historia ya nchi hizo mbili tangu zilipogawanyika mwaka 1947. Mwombaji asilione kuwa ni la kumshuku yeye. Huulizwa pia nchi alizozitembelea katika miaka 10 iliyopita, na hapo askari aliyewahi kutumwa Somalia au kwingineko katika kulinda amani afikiri vizuri, tena na mkuu wake, kabla ya kujibu. Jibu lilingane na mihuri iliyomo ndani ya pasipoti.

Viza ya utalii ni ya namna tatu: ya siku 30, ya mwaka 1 na ya miaka 5. Ile ya siku 30 humruhusu mtu kuingia mara mbili, na huombwa ndani ya siku 30 kabla ya safari, lakini si chini ya siku 4. Za muda mrefu huweza kuombwa siku 120 kabla. Ada hutofautiana kwa nchi. Kwa nchi nyingi ile ya siku 30 ni dola 10 za Kimarekani kwa anayesafiri kati ya Aprili na Juni, na dola 25 kwa miezi mingine. Miezi ya bei nafuu ndiyo ya joto kali lisilo na huruma katika tambarare za kaskazini, na askari aliyezoea hewa ya Kabale atajua kwa nini imepunguzwa. Kila mtu asome ada ya nchi yake katika orodha iliyomo kwenye tovuti hiyo hiyo.

Idhini kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 72, nayo huja ikiwa na neno linalomaanisha kwamba imekubaliwa. Ichapwe kwenye karatasi, kwa kuwa simu huweza kuzimika. Hapa kuna mtego mmoja uliowanasa wengi. Karatasi ile, kwa viza ya siku 30, huonyesha tarehe ya mwisho, na msafiri hudhani kwamba hiyo ndiyo siku ya kuondoka India. La. Hiyo ni siku ambayo kabla yake lazima awe ameingia. Siku zake 30 huanza kuhesabiwa tangu siku aliyofika. Viza hii haiongezwi muda wala haigeuzwi kuwa ya namna nyingine baada ya kuingia.

Tuseme neno kuhusu matibabu, kwani Waganda wengi wanaoonekana katika ndege za India hawaendi kuangalia majumba ya wafalme. Anayekwenda kutibiwa ana viza yake ya elektroniki ya matibabu, ya siku 60, yenye ruhusa ya kuingia mara tatu, nayo huombwa kwa barua ya hospitali inayompokea. Wanaomsindikiza, wasiozidi wawili, wana yao. Askari anayempeleka mama yake kwa daktari wa moyo akiwa na viza ya utalii, kwa kuwa rafiki yake alimwambia ndiyo rahisi, aweza kujikuta kati ya hospitali inayotaka karatasi nyingine na viza isiyogeuzwa, na mgonjwa akiwa kitandani.

Kabla ya kuondoka iko chanjo ya homa ya manjano. India huichunga sana, kwa sababu mbu wa kuieneza wapo huko na ugonjwa wenyewe haupo. Anayetoka Uganda bila cheti aweza kuwekwa karantini mpaka siku 6. Cheti huanza kuwa na nguvu siku 10 baada ya kudungwa sindano, na tangu mwaka 2016 kanuni za kimataifa zimesema hudumu maisha yote ya mtu. Kwa hiyo aliyechanjwa kabla ya kwenda kulinda amani akitafute cheti chake cha manjano sandukuni, huenda hahitaji kingine. Na tangu tarehe 1 Oktoba 2025 kadi ya kuwasili ya India nayo hujazwa kwa intaneti, katika saa 72 kabla ya kufika, bila malipo.

Mfuko wa safari ukaguliwe na mwenyewe, tena mara mbili. Tunalisema hili kwa askari hasa. Mfuko uliotumika katika zamu au katika mazoezi ya kulenga shabaha haufai kwenda nao ng'ambo. Sheria ya Silaha ya India ya mwaka 1959 inakataza kuwa na risasi bila leseni, na wamewahi kuzuiwa katika kiwanja cha ndege cha Delhi wasafiri ambao katika pembe ya mfuko wao ilionekana risasi moja tu iliyosahauliwa. Simu ya setilaiti nayo ni marufuku kwa msafiri asiye na kibali cha serikali ya huko. Kitu ambacho kambini ni cha kawaida kama kijiko, katika mashine ya kiwanja cha ndege ni kesi.

Mwenye viza ya elektroniki huingilia tu katika viwanja vya ndege na bandari zilizotajwa katika orodha rasmi. Delhi, Mumbai, Chennai, Kolkata, Bengaluru na Hyderabad zimo. Dirishani huchukuliwa alama za vidole na picha, na afisa aweza kuuliza tiketi ya kurudi, fedha za kujikimu na mahali pa kulala. Idhini iliyotolewa kwa intaneti haimfungi afisa huyo, naye ndiye mwenye neno la mwisho. Askari wetu wa uhamiaji wanalijua vema jambo hili, kwa kuwa wao wenyewe hulifanya Entebbe kila siku. Akifika hotelini, mwenye hoteli ana wajibu wa kupeleka habari za mgeni kwa wakuu ndani ya saa 24. Hilo si kufuatwa na wapelelezi, ni sheria kwa kila mgeni.

Sasa tumefikia mipaka ya viza yenyewe, ambayo wengi hawaisomi. Imeandikwa wazi kwamba viza ya elektroniki haimruhusu mtu kuzuru maeneo yaliyohifadhiwa au kuzuiwa kwa ajili ya usalama, wala maeneo ya makambi ya jeshi. Mtalii wa kawaida halali usingizi mbaya kwa ajili hiyo. Lakini askari, kwa asili yake, akifika katika nchi ya watu hupenda kuona wenzake wanavyokaa. Asilijaribu hilo. Asipige picha za makambi, za viwanja vya ndege wala za madaraja makubwa, hata kwa urafiki. Akialikwa na mwanajeshi wa India waliyefahamiana naye katika ulinzi wa amani, wakutane mjini. Asishtuke, hata hivyo, akiona katika tiketi ya treni ya kwenda Agra jina linalomaanisha kambi ya jeshi. Kituo hicho cha reli ni cha watu wote, na ndicho watalii wengi hushukia ili kwenda kuona Taj Mahal, ambayo hufungwa siku ya Ijumaa.

Delhi peke yake ina ya kumtosha mtu wa jeshi bila kibali chochote cha ziada. Lango la India, lililozinduliwa mwaka 1931, ni ukumbusho wa askari wa India waliokufa katika vita vya kwanza vya dunia na vilivyofuata mara baada yake, na miongoni mwa nchi zilizoandikwa juu yake imo Afrika ya Mashariki. Msomaji atakumbuka kwamba Novemba 1914 majeshi kutoka India yalitua Tanga na kushindwa na Wajerumani waliokuwa na askari Waafrika. Karibu na lango hilo kuna Ukumbusho wa Taifa wa Vita, uliofunguliwa tarehe 25 Februari 2019 kwa ajili ya waliokufa tangu uhuru.

Lakini kuna mahali pamoja ambapo askari wa Uganda ana haki ya moyo kupataka kuliko Agra na Delhi, na ambapo viza hii pekee haimfikishi. Ni Imphal, mji mkuu wa jimbo la Manipur, katika pembe ya kaskazini-mashariki, karibu na mpaka wa Myanmar. Mwaka 1944 Wajapani waliushambulia mji huo kuanzia Machi mpaka Julai, wakashindwa. Waliotumwa kuwafuata walipokuwa wakirudi nyuma ni pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, iliyoshuka bonde la Kabaw katikati ya mvua za masika ya huko, katika tope la magotini na malaria, mpaka Kalewa kwenye mto Chindwin, mji walioutwaa mwanzoni mwa Desemba 1944. Katika divisheni hiyo ilikuwamo Batalioni ya 4 ya King's African Rifles, batalioni ya Uganda. Babu za baadhi ya wanaosoma ukurasa huu walikuwamo, na Kiswahili kilikuwa lugha ya kuelewana kati ya watu wa makabila na nchi mbalimbali mahandakini.

Imphal ina makaburi mawili ya vita yanayotunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Katika lile la Jeshi la India wamelala pia askari wa Afrika ya Mashariki na ya Magharibi. Kwa muda fulani, tangu miaka ya 2010 na 2011, masharti ya kibali maalumu kwa wageni katika Manipur, Mizoram na Nagaland yalikuwa yamelegezwa. Machafuko makubwa yakatokea Manipur kuanzia Mei 2023, na Desemba 2024 serikali ya India ikayarudisha masharti hayo katika majimbo yote matatu. Kwa hiyo mjukuu anayetaka kusimama juu ya kaburi la babu yake aombe, mbali na viza, kibali cha kuingia katika eneo lililohifadhiwa. Aanzie kwenye Ubalozi wa India Kampala, aeleze wazi nia yake, na asubiri jibu kabla ya kununua tiketi ya ndege ya kwenda Imphal.

Tena kabla ya hayo yote atafute jina. Tume hiyo ya makaburi ina daftari linalosomwa na yeyote kwa intaneti bila malipo, ambamo hutafutwa jina la askari, namba yake na kikosi chake. Majina ya wakati ule yaliandikwa na makarani wa Kiingereza kama walivyoyasikia, kwa hiyo yajaribiwe kwa tahajia mbalimbali, na namba ya jeshi, kama familia iliihifadhi barua au nishani, ni msaada mkubwa kuliko jina. Wengi wa waliokufa katika bonde la Kabaw hawako India kabisa. Makaburi yao au majina yao yako Taukkyan, karibu na Yangon, ambako ukumbusho wa wasiojulikana walikozikwa una majina yapatayo 27,000. Aliyeona jina la babu yake huko hahitaji viza ya India hata kidogo. Aombe ya Myanmar, kwa fomu nyingine na kwa masharti mengine.